Mama ana miaka 73, kitambulisho kinasema 68: pesa za wazee atazipataje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwenyeji wa Ganze, Kaunti ya Kilifi, ila nafanya kazi za nyumbani hapa Muscat. Mama yangu ana miaka 73 lakini kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1957. Anaishi na kaka yangu wa miaka 34, ambaye ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa: hatembei, hajilishi, na maneno yake mgeni hayaelewi. Jirani yetu anapokea pesa za wazee tangu zamani. Mama kila akienda kwa chifu anaambiwa orodha imefungwa. Sasa kuna kijana amemwambia atoe shilingi 1,500 na picha ya kitambulisho, atamuingiza. Rafiki yangu hapa, Mpemba, anasema kwao mzee akifika 70 anapitia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na mambo yamekwisha. Je, mama ana haki au hana? Kaka je? Na mimi nikiwa huku, naweza kuandikishwa niwe nawapokelea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo kijana, maana mengine yanaweza kungoja lakini hilo haliwezi. Asipewe hata ndururu. Kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa Serikali unaotoa hizo pesa za wazee, hakulipiwi popote, si kwa mzee wa mtaa, si kwa chifu, si kwa afisa wa kaunti ndogo. Hakuna kijana wa mtaani mwenye ufunguo wa ile orodha. Anachofanya ni kukusanya 1,500 kwa wazee ishirini, kisha dirisha la usajili likifunguliwa siku moja na wawili wakaingia kwa haki yao, anasema ni yeye aliyewaingiza. Na picha ya kitambulisho ni hatari kuliko hiyo pesa. Kwa namba ya kitambulisho na laini ya simu watu husajiliwa laini wasizozijua na kukopewa mikopo wasiyoiomba. Kama picha ilishatumwa, mwambie aliye na mama abonyeze *106# kwenye laini ya Safaricom ya mama aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho kile. Wakiona wasiyoitambua, waende dukani kwa mtandao huo na mama mwenyewe, waikatae.

Sasa maswali yako. Mama ana haki, lakini kwa kitambulisho alichonacho, serikali inamhesabu kuwa bado hajafika. Kaka yako naye ana haki, na nafikiri hapo ndipo mlipochelewa zaidi. Wewe huwezi kuwapokelea ukiwa Muscat, na nitakueleza kwa nini hata ungeweza usingefaa.

Inua Jamii ina mafungu kadhaa chini ya wizara inayoshughulikia leba na ulinzi wa jamii. Yako ya kuangalia ni mawili: fungu la wazee, na fungu la watu wenye ulemavu mkali. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi kimelipwa kwa miezi miwili miwili, yaani 4,000 kwa mkupuo. Ni kiwango kilekile kilichokuwapo 2018, wakati bei ya unga na mafuta ya taa imepanda ngazi zake zote. Nalitaja hili mapema ili usimjengee mama matumaini ya nyumba. Ni pesa ya unga, sabuni, nauli ya zahanati na nguo za kaka. Kwa nyumba kama yenu hiyo si kidogo, lakini haitaondoa haja ya wewe kutuma.

Kuhusu jirani. Watu wengi huamini kwamba aliyepata alijuana na mtu. Pengine wapo wa namna hiyo, lakini kwa jirani yako sababu ya kawaida zaidi ni umri na tarehe. Zamani fungu la wazee lilichagua wazee maskini wa miaka 65 na zaidi, katika maeneo machache. Ikatangazwa kwamba kila Mkenya aliyefika miaka 70 na hana pensheni ataingia, wazee wakaandikwa nchi nzima mwaka 2017, na malipo ya utaratibu huo yakaanza 2018. Jirani yako, kama sasa anakaribia themanini, wakati ule alikuwa amevuka 70. Akaandikwa pamoja na wenzake wote wa kijiji. Mama yako, hata kwa miaka yake ya kweli, alikuwa na 65. Kwa kitambulisho alikuwa na 60. Hakuna aliyemruka.

Tatizo lilikuja baada ya pale. Tangazo lilisema "kila aliyefika 70", lakini usajili haukuachwa wazi ili mzee aingie siku ya kutimiza miaka hiyo. Ukawa unafunguliwa kwa vipindi, kulingana na fedha: mara kujaza nafasi za waliofariki, mara kuongeza watu wapya, kama zoezi kubwa la kuongeza wazee lililofanyika miaka ya karibuni. Katikati ya kipindi na kipindi, mzee aliyetimiza 70 jana na aliyetimiza miaka mitano iliyopita wote huambiwa neno moja: orodha imefungwa. Kwa hiyo chifu huenda anasema kweli. Kosa lake, kama lipo, ni kuishia hapo bila kumwambia mama afanye nini wakati anangoja. Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Kifungu cha 43 kinaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Maneno mazuri sana. Bajeti ndiyo huamua yanafika Ganze lini.

Rafiki yako wa Pemba hakudanganyi. Zanzibar walianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70, kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi wakati huo, na wameshaipandisha tangu hapo. Visiwa vina watu wachache, na sheha anamjua kila mzee wa shehia yake, kwa hiyo kazi ya kuhakiki ni nyepesi. Kenya ina mamilioni ya watu na mfumo wa kompyuta unaosoma kitambulisho kabla ya kusoma uso. Ndiyo maana barua yako, ingawa ina maswali matatu, mimi naiona ni ya jambo moja: makaratasi. Dirisha hulifungui wewe wala mama. Mnachoweza ni kuhakikisha kwamba siku litakapofunguliwa, karatasi zenu zipo tayari na zinasema kitu kimoja. Nyumba nyingi huanza kuhangaikia karatasi wiki ya usajili, na hapo huwa wamechelewa.

Tuanze na kitambulisho cha mama. Mwaka 1957 unamaanisha atatimiza 70 mnamo 2027. Hata afisa akimwona mvi zote na mgongo umepinda, hawezi kuandika 1952 kwa macho yake. Wazee wengi wa Pwani wana shida hii. Walipokwenda kuchukua vitambulisho, karani aliuliza mwaka, mtu hakuwa nao, karani akakadiria. Msichana mwembamba aliyekuwa na watoto watatu akaandikwa miaka kumi na minane, basi.

Katika barua yako ndefu (nimeifupisha hapo juu) umetaja mambo mawili ambayo sijui kama unajua thamani yake. Umesema mama hukumbuka mafuriko makubwa ya 1961, na kwamba alikuwa tayari anateka maji kwa mtungi. Umesema pia kwamba dada yenu mkubwa ana cheti cha kuzaliwa cha 1971. Chukua kitambulisho: mtoto wa 1957 mwaka 1961 alikuwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne hateki maji kwa mtungi. Na huyo wa 1957 angekuwa amemzaa dada yenu akiwa na miaka kumi na minne, jambo lisiloshindikana lakini linalomfanya karani mwenye akili asimame kidogo. Kumbukumbu ya mafuriko ni ya kusimulia tu, ofisini haitoshi. Cheti cha dada yenu, chenye jina la mama kwenye sehemu ya mzazi, ni karatasi. Kitafuteni, na nakala yake itolewe.

Karatasi iliyo bora zaidi ni ile ya kanisa. Ulisema mama alibatizwa akiwa mdogo na kadi yake ililiwa na mchwa. Kadi imeliwa, daftari je? Makanisa ya zamani huku kwetu yaliweka madaftari ya ubatizo, na mengi bado yapo. Mtu wa nyumbani aende kwa katibu wa parokia akiwa na jina la ubatizo la mama, jina la baba yake, na mwaka wa kukadiria, aombe nakala iliyotiwa muhuri. Ikipatikana na ina mwaka wa kuzaliwa, au hata mwaka wa ubatizo tu ulio kabla ya 1957, mmepata ushahidi ambao ni vigumu kuukataa. Hawezi kubatizwa kabla hajazaliwa.

Kwa hizo mbili aende ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo, ile inayotoa vitambulisho, aombe kurekebisha tarehe ya kuzaliwa. Ategemee kuambiwa alete hati ya kiapo kutoka kwa wakili au mahakamani, barua ya chifu, na pengine tathmini ya umri kutoka hospitali ya serikali. Tathmini hiyo isiwe tegemeo lenu la kwanza. Daktari anaweza kumtofautisha kijana wa kumi na sita na wa ishirini, lakini kati ya bibi wa 68 na wa 73 anakadiria tu. Na mama asiongeze. Kuna wazee huambiwa na watoto wao waseme 80 ili mambo yawe mepesi, halafu karatasi zinagongana na faili linawekwa kando. Ana 73, aseme 73.

Jina nalo litazamwe siku hiyohiyo. Kwetu mtu ana jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba na jina la mume, na kila ofisi huchagua mawili inayoyapenda. Kitambulisho, laini ya simu na akaunti vikitofautiana, malipo hukwama hata baada ya mzee kuingia kwenye orodha. Na hiyo laini, imesajiliwa kwa jina la nani? Nyumba nyingi simu ya bibi huwa ni laini ya mjukuu. Serikali imekuwa ikisukuma malipo yapitie simu badala ya benki peke yake, na laini isiyo ya kitambulisho cha mpokeaji haitapokea. Mama apate laini yake mwenyewe, kwa kitambulisho chake, hata kama simu yenyewe ni ya kitochi.

Wakati hayo yanaendelea, asikae nyumbani kungoja. Juu ya chifu kuna afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Huyu ndiye mwenye mpango wenyewe, chifu ni mkono wake tu. Mtu amfikie, amweleze kwamba katika nyumba moja kuna mama wa 73 ambaye kitambulisho chake kinarekebishwa na mtu mzima mwenye ulemavu mkali, na amuulize swali moja mahususi: je, kaya yetu imo kwenye rejista ya kaya? Hiyo ni hifadhidata ya taifa inayoandika kaya zenye uhitaji kabla ya fungu lolote kutolewa. Hupita mtu anayeuliza mna paa la nini, mnateka maji wapi, mna mbuzi wangapi, nani hajiwezi. Kaya isiyomo ndani ya rejista huwa haionekani siku ya kuchagua. Kama walipita na mama alikuwa shambani, afisa anaweza kuwaandika kwa zoezi linalofuata. Ombeni pia jina lake na tarehe mliyofika, mwandike kwenye daftari la nyumbani. Siku ya malalamiko, "tulikuja mwaka jana" halina uzito, "tulikuja tarehe fulani tukaongea na fulani" lina uzito.

Utauliza: mama wa miaka 70 si anaingia bila kuulizwa umaskini? Ndivyo lile tangazo lilivyosema, aliyefika umri na hana pensheni. Lakini nafasi zikiwa chache kuliko wazee, usishangae maswali ya umaskini yakiulizwa hata kwake. Na hapa nitakuambia jambo ambalo hukuliuliza. Umemjengea mama nyumba ya matofali na mabati. Vizuri, Mungu akubariki. Mtu wa rejista ataiona na kuiandika. Msiifiche, na mama asiambiwe apokee wageni kwenye kibanda cha jikoni. Aeleze hali ilivyo: binti yangu yuko Uarabuni, hutuma akipata, mkataba wake una mwisho. Pesa ya mtoto siyo pensheni. Lakini katika kupima umaskini huangaliwa kama kitu chochote kingine kinachoingia nyumbani, na hilo linaweza kuwapunguzia alama, hasa kwa upande wa kaka. Ni afadhali kupunguziwa alama kuliko kuondolewa baadaye kwa kusema uongo, kwa sababu aliyeondolewa hurudi kwa shida sana.

Sasa kaka yako, ambaye barua yako imemtaja kwa mstari mmoja. Fungu lake si la kila mwenye ulemavu. Ni la mtu ambaye ulemavu wake unamfanya ahitaji mwenzake saa zote: kulishwa, kupelekwa chooni, kugeuzwa kitandani, kulindwa asijidhuru. Mtu asiyeona anayefanya biashara yake, au mwenye mguu mmoja anayeendesha bodaboda ya magurudumu matatu, ana haki nyingine lakini fungu hili kwa kawaida haliingii. Kwa jinsi ulivyomweleza kaka yako, yeye ndiye hasa aliyelengwa, na umri wake hauna neno. Hangoji 70.

Kwake karatasi ya kwanza ni tathmini ya ulemavu. Hufanywa na kamati ya madaktari katika hospitali za serikali zilizoruhusiwa, na kutoka Ganze safari ya kawaida ni Kilifi mjini. Waulize kwanza siku ya kamati, maana haikai kila siku, na kumbeba mtu mzima asiyetembea kwenye matatu mpaka Kilifi kisha kuambiwa rudi Alhamisi ni mateso. Matokeo ya tathmini ndiyo hupeleka usajili wake kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, naye apewe kadi. Ombi hilo siku hizi lina njia ya mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, na hapo wewe wa Muscat unaweza kusaidia kujaza, ila mwili wa kaka lazima ufike kwa daktari. Kama hana kitambulisho cha taifa, na watu wazima wengi wa hali yake hawana kwa sababu hakuna aliyefikiri watakihitaji, muulize chifu lini maafisa wa usajili watapita kijijini kwa zoezi la kuhamahama. Wana mashine za kubeba.

Nakusihi umwandae mama kwa siku ile ya tathmini. Mama zetu wana haya. Wanapokwenda hospitali na mtoto mwenye ulemavu humwogesha, humvika shati la Jumapili, na daktari akiuliza "Anaendeleaje?" hujibu, "Ashukuriwe Mungu, ni mzima, anakula vizuri." Anamaanisha ana hamu ya chakula. Daktari anaandika kwamba anakula mwenyewe. Nimeona fomu za namna hiyo zaidi ya mara moja: mtu ambaye hawezi kushika kijiko, ameandikwa ulemavu wa wastani kwa sababu mama yake hakutaka kulalamika mbele ya mgeni. Kwa hiyo mpigie simu kabla, umwambie aeleze siku moja nzima ilivyo, tangu alfajiri: nani humwinua, nani humlisha na kwa muda gani, anavaa nini usiku, ameanguka mara ngapi, anapata degedege au la, na wakienda mazishini nani hubaki naye. Hayo si malalamiko, ndiyo majibu ya maswali ya fomu.

Kadi ya baraza si pesa, wengi huchanganya hapo. Lakini ni ushahidi wa kudumu unaokwenda naye kwenye kila ofisi, na baraza lenyewe lina mfuko unaotoa vifaa, viti vya magurudumu vikiwemo. Kiti kingemwokoa mama mgongo kabla hata ya hiyo 2,000 kufika. Kaombeni vyote viwili.

Je, nyumba moja inaweza kupata mafungu mawili? Hapa uwe makini. Fungu la wazee humtazama mtu mmoja, mzee mwenyewe. Fungu la ulemavu mkali huitazama kaya, na vigezo vyake vimekuwa vikitaka kaya iwe maskini sana, isiwe na mtu wa pensheni, na isiwe tayari inapokea fungu jingine la aina hii. Maana yake mpangilio unaweza kuwa na uzito. Kwa kuwa mama kwa karatasi bado hajafika 70, na kaka hangoji umri, ningeanza na kaka bila kusubiri. Kisha mama atakapotimiza masharti, au kitambulisho kikisharekebishwa, mwulizeni afisa wa kaunti ndogo waziwazi jinsi atakavyoingizwa wakati kaka anapokea. Ulizeni, msijaribu kuficha mmoja. Watu wa mpango wanajua kwamba mzee mmoja huko Ganze analea mtu mzima asiyejiweza, wala nyumba yenu si ya kwanza.

Mkishaingia, mambo mawili ya kuchunga wakati wa malipo. Pesa huchelewa. Miezi miwili huwa mitatu, hata zaidi, kisha malimbikizo huja pamoja. Asikopee dukani kwa kuitegemea, na kabisa asimwachie mwenye duka kadi ya benki na namba ya siri kama rehani ya sukari. Jingine ni ajenti. Mama akienda kutoa, apewe pesa yote iliyoingia na risiti. Ajenti anayesema anabakiza mia mbili "ya chai" kwa kuwa mashine imesumbua kusoma vidole, anaiba. Ni kweli mashine husumbua, vidole vya mtu aliyelima miaka hamsini huwa vimesuguliwa hata alama hazionekani, na wakati mwingine kidole kingine au mkono ukioshwa na kukaushwa husaidia. Isiposaidia, aende tawi la benki. Malalamiko huanzia kwa afisa wa kaunti ndogo, na wakipuuzwa kuna Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni kusikiliza raia aliyezungushwa na ofisi za umma. Na pesa ikikaa kwenye akaunti mizunguko kadhaa bila kutolewa, mpango unaweza kudhani mpokeaji amefariki ukamsimamisha. Itolewe kila inapoingia.

Sasa lile la wewe kuwapokelea. Mpango unaruhusu mlezi, mtu anayeandikishwa pamoja na mpokeaji asiyeweza kwenda mwenyewe, na kwa kaka hilo ni lazima. Lakini mlezi ni yule anayelala nyumba ile na anayeweza kufika kwa ajenti au mbele ya afisa akihitajika kuhakikiwa. Wewe ukiandikwa, siku wanapofanya uhakiki wa walio hai utakuwa Muscat na malipo yatasimama. Kila mtu atasema mama ndiye mlezi wa kaka, na kwa leo ni kweli. Lakini mama ana 73. Mlezi akifariki au akilazwa, pesa ya asiyejiweza husimama mpaka mlezi mwingine akubaliwe, na hiyo ni safari ya chifu, barua, afisa na kungoja, ikitokea katika miezi ambayo nyumba ina msiba na kaka anahitaji kulishwa na mtu mpya. Umetaja wifi yako, mke wa mdogo wenu, anaishi boma hilohilo na ndiye humsaidia mama kumwinua. Zungumza naye na mume wake kabla ya fomu kujazwa, mkubaliane kama familia kwamba yeye ndiye ataandikwa mlezi wa kaka, na mama abaki na lake la uzee. Mkubaliane pia 2,000 ya kaka inanunua nini, na ujue wewe ukiwa huko, ili pasitokee neno. Wifi awe na kitambulisho chake na laini kwa jina lake, na awepo siku ya tathmini Kilifi, amsikie daktari kwa masikio yake.